Tanzia ya Kifaransa si lazima iishie kaburini

Juzi nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mwalimu wa fasihi ninayemheshimu sana: kwamba Zoroastre, opera (tamthilia ya kuimbwa) ya mtunzi Mfaransa Rameau, haistahili kuitwa tanzia kwa kuwa wapendanao wanaishia kuoana. Mwanafunzi mmoja akadakia kwamba pengine iliitwa hivyo kwa sababu ilianguka jukwaani. Yote mawili si kweli.

Tragédie en musique, yaani tanzia ya muziki, ni aina ya opera ya Kifaransa iliyoasisiwa na mtunzi wa muziki Lully na mshairi Quinault mwaka 1673: sehemu tano, miungu na wafalme, kwaya na dansi. Maana ni hiyo tu.

Kinachotuponza ni neno letu wenyewe. Tanzia limetoka katika Kiarabu, taʿziya, kumpa pole mfiwa. Ndiyo maana tuna pia taazia, yale maandishi ya kumkumbuka marehemu. Kabla wahakiki hawajalipeleka kwenye tamthilia, tanzia ilikuwa habari ya msiba inayoletwa mlangoni. Mswahili akilisikia anatafuta maiti, na hana kosa. Lakini tragédie haikupita njia hiyo. Asili yake ni Kigiriki, tragos ni mbuzi na ōidē ni wimbo: wimbo wa mbuzi! Kifo hakimo ndani ya neno. Na Wafaransa wa karne ya 17 walilitumia kutaja hadhi ya mchezo: watu wakuu, mambo mazito, lugha ya juu. Cinna, mchezo wa mwandishi Corneille, ni tragédie, na inaishia kwa mfalme kuwasamehe waliopanga kumuua. Opera ilirithi jina kutoka jukwaa hilo.

Sasa Zoroastre. Ilionyeshwa Paris tarehe 5 Desemba 1749, maneno yakiwa ya Louis de Cahusac. Iliacha utangulizi uliozoeleka wa kumsifu mfalme, ikaingia moja kwa moja kwenye vita vya nuru na giza. Nuru inashinda, Zoroastre anampata mpenzi wake Amélite. Watazamaji hawakuichangamkia, ikabidi waliotunga waandike upya sehemu kubwa, na iliporudi mwaka 1756 ikapokelewa vizuri. Jina la tragédie halikubadilika, ilipoanguka wala ilipoinuka.

Miaka mitatu kabla yake, mtunzi Leclair alitoa Scylla et Glaucus, opera yake pekee. Humo mchawi Circe anatia sumu kwenye chemchemi na Scylla anaangamia. Hiyo inaliza kweli, nayo haikudumu jukwaani. Iliitwa tragédie vilevile.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, tukiwa darasani tuseme "tanzia ya muziki" kwa ukamilifu wake, wanafunzi wajue tunataja aina ya opera. Na kwa ile ya 1749, "haikupokelewa vizuri" inatosha.