Kumfokea mwanafunzi wodini si kumfundisha

"Huyu asipofokewa hakumbuki." Nimeisikia tena wiki hii kwa muuguzi mzoefu anayepokea wanafunzi wetu wodini hapa Mbeya, na sasa nimeamua kuijibu kwa maandishi.

Ni Julai, baridi kali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anampima presha bibi aliyevaa sweta mbili, anafunga mkanda juu ya sweta. Nyuma yake: "Wewe, shule ulifuata nini?" Wodi nzima inageuka. Mikono inamtetemeka, anaandika 120/80, namba ya presha ya kawaida, ilimradi aondoke. Tangu hapo akikosea anaficha, na anayeumia ni mgonjwa.

Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi za mrejesho (maoni anayopewa mtu kuhusu kazi yake) wakakuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji badala ya kuupandisha. Maelezo yao: mrejesho huharibu zaidi unapomfanya mtu ajifikirie yeye badala ya kazi iliyo mbele yake. Na swali la "shule ulifuata nini" halina hata neno moja kuhusu presha!

Mvute pembeni, taja ulichokiona: "Umefunga mkanda juu ya sweta. Unadhani kipimo kitakuwaje?" Mwache afikiri. Kisha amsaidie bibi kutoa mkono mmoja kwenye sweta (kuikunja hadi ibane juu kunaharibu kipimo vilevile), amfunike bega kwa kanga, mkono ukae usawa wa moyo, apime upya. Na wewe usiondoke! Hapa ndipo tunapokosea wengi wetu: tunasahihisha, tunakwenda zetu, hatujui kama ameelewa. Mimi siondoki kitandani mpaka arudie mbele yangu, hata dripu tatu zikinisubiri.

Najua swali linalofuata: je, akiwa anaelekea kumdhuru mgonjwa? Msimamishe papo hapo kwa sauti ya chini, maliza kazi mwenyewe. Maelezo baadaye, mkiwa wawili.

Kuna kauli nyingine ninazozisikia kwa wanaofundisha wodini. "Nimemwambia amefanya vizuri." Vizuri kipi? Alinawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa? Alimwamkia na kumweleza anachotaka kufanya? Kitaje, ili kesho akirudie.

"Anza na sifa, weka kosa katikati, malizia na sifa." Wanafunzi wameshaizoea hiyo, ukianza kusifu wanasubiri "lakini". Anza kwa kumuuliza yeye ameona nini kimeenda sawa. Pendleton na wenzake, walioandika kuhusu kuwafundisha madaktari, walilisema hilo tangu 1984, na kwangu linafanya kazi kila zamu: mara nyingi kosa analitaja mwenyewe kabla yangu.

"Nitamwandikia kwenye fomu mwisho wa mwezi." Wakati huo ameshachoma kanula (mrija mdogo wa kwenye mshipa) kwa kosa lilelile kwa wiki nne.

"Wodi imejaa, muda sina." Dakika mbili zinatosha, mkiwa mnanawa mikono kwenye sinki kabla ya kwenda kitanda kinachofuata.