Je, wajua? Vita Kuu ya Kwanza iliisha Ulaya tarehe 11 Novemba lakini huku kwetu iliisha tarehe 25. Ilikuwaje?

Kila mwaka ikifika tarehe 11 Novemba utawaona Waingereza na lile ua jekundu kifuani, saa 5 kamili asubuhi wanasimama kimya dakika mbili, wanakumbuka siku Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha mwaka 1918. Sawa, kwao iliisha. Lakini huku Afrika Mashariki siku hiyo watu walikuwa bado wanawindana porini, na jeshi la Mjerumani halikuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili nzima baadaye, tena sio Dar wala Tabora, ni Mbala, kaskazini mwa Zambia, karibu kabisa na mpaka wetu wa upande wa Rukwa. Enzi hizo mji ukiitwa Abercorn.

Sasa swali ndo hilo, kwa nini wiki mbili? Jibu la haraka ambalo wengi wanalitoa ni "simu zilikuwa hamna". Hilo ni kweli nusu tu.

Tuanze na jamaa mwenyewe. Paul von Lettow-Vorbeck alifika Dar es Salaam Januari 1914, miezi michache tu kabla vita haijawaka, akiwa kamanda wa jeshi la koloni la Mjerumani. Alishapiga hesabu mapema kwamba koloni hawezi kulishika, maana manowari za Mwingereza zimefunga bahari, msaada kutoka Ujerumani hauji. Kwahiyo lengo lake halikuwa kushinda. Lengo lilikuwa kusumbua, yani amfanye Mwingereza alete wanajeshi wengi huku iwezekanavyo, ili hao wanajeshi wasipelekwe kupigana Ufaransa. Ukishaelewa hapo, mengine yote yanaeleweka: mtu anayetaka kuchelewesha hana sababu ya kusimama mahali apigwe. Anapiga, anaondoka, anaacha nyuma anayemfukuza afe na malaria.

Na aliifanya hiyo kazi kweli. Novemba 1914 pale Tanga walishuka wanajeshi wa Mwingereza wapatao 8,000 kutoka India, yeye akiwa na watu kama 1,000, akawarudisha melini (wazee wa Tanga watakwambia na nyuki walihusika, na kweli nyuki walikuwepo, walichokozwa na risasi wakashambulia pande zote mbili bila ubaguzi). Manowari ya Mjerumani, Königsberg, ilipozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915 wakaenda kuchomoa mizinga yake 10 mle majini, wakaikarabati na kuiburuza nchi kavu. Mmoja wapo uko Mombasa mpaka leo, Fort Jesus. Kwinini ilipokata wakachemsha magome ya miti kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, wakapata dawa chungu balaa ambayo askari walikunywa hivyohivyo.

Mpaka mwishoni mwa 1917 lakini mambo yakawa magumu. Baada ya mapigano makali ya Mahiwa kule Lindi, Oktoba, risasi zilibaki chache na chakula hakuna. Lettow akafanya uamuzi ambao ukiusoma unashtuka kidogo: wagonjwa na majeruhi akawaacha kule Umakondeni wachukuliwe na Waingereza, akachagua wazima tu, Wazungu wapatao 300 na askari wa Kiafrika wapatao 1,700 pamoja na wapagazi, akavuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji ya Mreno.

Sasa angalia tarehe aliyovuka. Ni 25 Novemba 1917. Yani mwaka mmoja kamili, siku ileile, kabla ya kusalimu amri! Siku hiyo aliishambulia kambi ya Wareno ya Ngomano, pale mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Wareno walikuwa wanatazama mtoni wakijua adui atatokea mbele, yeye akazunguka akawaingilia kwa nyuma, kamanda wao Meja João Teixeira Pinto akauawa humo. Kambi ilikuwa imejaa bunduki, risasi, dawa na chakula. Askari wa Mjerumani wengine walikuwa bado wanatumia bunduki za muundo wa 1871, zile ukipiga linatoka wingu la moshi adui anajua uliko, wakazitupa palepale wakachukua mpya za Mreno.

Kwahiyo 25 Novemba ya kwanza ndo iliyowapa mwaka mzima wa kuendelea. Bila Ngomano sioni kama wangefika hata Krismasi. Kuanzia hapo lile jeshi likawa linaishi kwa kupora: linavamia kambi ya Mreno, linakula, linavaa, linasogea. Julai 1918 walifika mpaka Namacurra, karibu na Quelimane pwani ya Msumbiji, wakakuta kiwanda cha sukari na maghala. Waingereza wakafikiri sasa atateremka kusini zaidi, yeye akageuka kaskazini. Mwisho wa Septemba akavuka Ruvuma tena kurudi Tanzania, akapita Ungoni, akapita Njombe, halafu badala ya kwenda Tabora kama walivyodhani akakata kulia... samahani, kushoto, akaingia Zambia mwanzoni mwa Novemba.

Na usifikirie ni mstari wa wanaume wenye bunduki tu. Safari ile ilikuwa na wanawake, wake za askari, na watoto, wengine walizaliwa humohumo njiani. Gavana wa koloni naye, Heinrich Schnee, alikuwa anatembea nao, na yeye na Lettow walikuwa haziivi tangu siku ya kwanza.

Haya, tarehe 11 Novemba. Ulaya mkataba wa kusimamisha vita unasainiwa saa 11 alfajiri ndani ya behewa la treni msitu wa Compiègne, Ufaransa, risasi zinanyamaza saa 5 asubuhi. Huku watu wa Lettow walishaingia Kasama, Waingereza wameukimbia mji, na tarehe 12 kikosi chake cha nyuma bado kinarushiana risasi na askari wa King's African Rifles, jeshi la Waafrika la Mwingereza, waliokuwa wanamfuata. Waliopigana siku ile walipigana kwenye vita iliyokwisha jana yake, pande zote mbili hawana habari.

Hapa ndo suala la mawasiliano linaingia. Taarifa ya kutoka London ilifika kusini mwa Afrika kwa waya wa telegrafu haraka tu. Tatizo lilikuwa kipande cha mwisho. Waya hauwezi kumfuata mtu anayehama kila siku, tena mtu ambaye kazi yake kubwa ni kuhakikisha hujui aliko! Ikabidi ujumbe upelekwe kwa pikipiki. Tarehe 13 yule mwenye pikipiki akadakwa na watu wa Lettow, na ndo hivyo Lettow akajua, kwa karatasi aliyoikamata kutoka kwa adui. Kesho yake, Alhamisi tarehe 14 saa moja na nusu asubuhi, akakutana na Hector Croad, mkuu wa wilaya ya Kasama, pale mto Chambeshi, akathibitishiwa. Ukipita barabara ya Mpika kwenda Kasama utaona mnara wa kumbukumbu umejengwa pale darajani.

Kwahiyo habari ilichelewa siku mbili tatu tu. Siku zingine 11 zilikwenda wapi?

Kwanza hakuamini. Au tuseme aliamini vita imesimama ila hakuamini imesimama vibaya kwao. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba alidhani lazima itakuwa imeisha kwa heri kwa Ujerumani, au angalau sio kwa shari. Mtu amekaa porini miaka minne hana gazeti, atajuaje kwamba Kaiser ameshang'oka tangu tarehe 9 na nchi imegeuka jamhuri? Akaomba atumiwe simu kwa serikali yake apate uhakika.

Pili, na hii ndo wengi hawaisemi, kulikuwa na ubishi wa kisheria. Kwenye mkataba kuna kifungu cha 17 kinachoihusu Afrika Mashariki peke yake, na kinasema majeshi ya Ujerumani yaliyoko huko yataondoka ndani ya muda utakaopangwa na washindi. Yataondoka. Sio yatasalimu amri. Waingereza wakamwambia weka silaha chini bila masharti, yeye akasema hapana jamani, mimi sijashindwa, kifungu kinasema niondoke. Kusema ukweli kwa maandishi alikuwa na hoja, ila hoja bila chakula haifiki mbali, na wakubwa wake Ulaya hawakuwa na nguvu ya kumtetea. Akakubali huku akiweka pingamizi.

Tatu ni miguu tu. Alitakiwa akasalimu amri Abercorn, na kutoka Chambeshi mpaka huko ni zaidi ya kilomita 200, watu wanatembea na mizigo, wagonjwa na watoto. Hiyo safari haina mkato.

Ndo tarehe 25 wakajipanga mbele ya Brigedia Jenerali Edwards, Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na wapagazi wengi kuwazidi. Wakaweka chini bunduki za mashine 37, na bunduki za kawaida ambazo nyingi ni za Mwingereza na Mreno. Jeshi la Mjerumani limesalimu amri na silaha za adui zake!

Baada ya hapo kila kundi likaenda na njia yake. Wazungu walipelekwa Dar kusubiri meli, mafua makali ya mwaka ule yakawaua baadhi yao hapohapo, waliobaki wakasafiri Januari 1919, na Machi 2 Lettow akapita kwa farasi chini ya lango la Brandenburg, Berlin, watu wanamshangilia kama shujaa asiyeshindwa. Askari walifungiwa kambini Tabora, mishahara ya miaka hawajaipata. Wengine walilipwa miaka ya 1920, na mwaka 1964, mwaka ambao Lettow alifariki, Ujerumani Magharibi ikakubali kuwalipa wazee waliobaki hai. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza mamia na wengi hawana cheti, basi afisa akawa anampa kila mzee mpini wa fagio na kumpigia amri za gwaride kwa Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Kama imeongezwa chumvi sijui, ila inapendwa sana hiyo.

Wapagazi hawakupimwa na fagio wala nini. Upande wa Mwingereza peke yake walichukuliwa kama milioni moja kwa jumla, wengi kwa nguvu, na waliokufa kwa hesabu ya Waingereza wenyewe ni zaidi ya 90,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia na sio risasi. Kariakoo ya Dar unayoenda kununua nguo ilikuwa kambi yao (jina limetoka kwenye Carrier Corps, yani kikosi cha wapagazi), na Nairobi vilevile kuna Kariokor. Ugogo ambako majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana, njaa ya Mtunya iliua watu wapatao 30,000. Na Kenya mishahara ya wapagazi waliofia njiani, ambayo ndugu zao hawakujua hata kama ipo wakaidai, ilibaki mikononi mwa serikali ya koloni, mjadala ukaendelea miaka na miaka, na familia hazikulipwa.