Kwa nini mvua ya Bukoba inamchelewesha abiria wa Mbeya

Abiria yuko Songwe, Mbeya, jua linawaka, anatangaziwa ndege imechelewa sababu ya hali ya hewa, lazima aone anapigwa kamba. Mara nyingi hapigwi. Ndege anayoisubiri ilianza na safari ya Bukoba asubuhi, mvua ikaizuia huko, na ndo hiyohiyo ilipangiwa kurudi Dar halafu imfuate yeye. Ndege moja inapiga ruti kadhaa kwa siku, ya kwanza ikikwama zote za nyuma zinasogea, na zikisogea sana unakuta marubani wamemaliza masaa yao ya kazi au kiwanja cha mwisho hakina taa za kutua usiku, basi safari imekufa mpaka kesho.

Sasa ukiangalia ramani ya Air Tanzania, karibu kila kitu kinaanzia Dar, ndo kitovu. Mtu wa Kigoma anayeenda Mtwara anashukia Dar kwanza, usumbufu kweli, ila hesabu ndo inavyotaka: ukiwa na vituo 15 na unataka kila kimoja kiunganishwe na vyote unahitaji ruti 105, ukiwapitisha wote katikati zinatosha 14. Na nani ataijaza Q400 ya viti 76 Kigoma-Mtwara kila siku?

Ubaya ni kwamba ukifunga Songea anaumia wa Songea, ukifunga Dar wanaumia wote. Wakenya waliliona hilo tarehe 7 Agosti 2013 jengo la kuwasili la JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, lilipoungua, ndege za nje zikageuziwa Mombasa. Mombasa ilikuwepo, na ranwei yake inapokea ndege kubwa. Kwetu kazi hiyo ni ya KIA na Zanzibar, ndo maana mi sioni kama hela ya viwanja hivyo inapotea.

Lakini kuna kitovu kingine hakipo kwenye ramani kabisa, aina ya injini. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ilisimamisha Airbus A220 kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, shida iliyokumba na mashirika mengine duniani, ratiba ikapunguzwa wakati viwanja vyote viko wazi. Ndege za aina moja zinapunguza gharama za spea na mafunzo, ila ugonjwa ukiingia unazilaza zote. Dawa ni ndege ya akiba, na ndege ya akiba ni hela imepaki tu, shirika dogo linaiwezaje?

Kwa abiria, kama unaunganisha Dar chukua ndege ya asubuhi kabisa, machelewesho ya siku yanakuwa bado hayajarundikana.