Uwasilishaji wa utafiti ni nini hasa?

Kuwasilisha utafiti si kuisoma tasnifu kwa sauti. Ni kuchukua jambo ulilolichimba miaka miwili au mitatu, ukachagua kipande kinachomhusu aliyeketi mbele yako, ukampa hicho. Kinachobaki kinakaa kwenye maandishi.

Tuseme mwanafunzi wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Tengeru, Arusha, amepima floridi kwenye visima vya kata ya Maji ya Chai, huko huko Arusha. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huyaachia maji madini hayo, na mtoto anayeyakunywa meno yake yakijijenga hubaki na madoa ya kahawia. Kwa miaka mingi, yakizidi sana, hata mifupa huharibika. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Akisimama kwenye kongamano la watafiti pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, hana haja ya kueleza floridi ni nini. Watafiti wenzake wanataka kujua sampuli zilichukuliwa msimu gani, kifaa kilihakikiwa vipi, na kipi hapa ni kipya. Muda ni kama dakika kumi na tano, maswali yakiwamo. Wengi humalizia saba kwenye utangulizi. Mwenyekiti akiinua kikaratasi cha “dakika mbili”, matokeo hupita kama daladala iliyojaa, haisimami kituoni.

Kwenye mkutano wa kijiji, hiyo 1.5 haimsaidii mama mwenye ndoo. Anauliza: nichote kisima kipi? Nikichemsha je? (Kuchemsha hakuondoi floridi, maji yakipungua sufuriani, ndiyo kwanza inakolea.) Atauliza pia kuhusu magadi anayotia kwenye makande, na mtafiti asiyejua kuwa magadi nayo huwa na floridi ataumbuka hapo kuliko AICC. Huku kurudi kwa wananchi ndiko kunakoitwa mrejesho, na mara nyingi ndicho kitu cha kwanza kukatwa fedha za mradi zikipungua. Mimi nauhesabu kuwa deni. Waliotoa maji na muda wao ni hao.

Na cheo je? Chuoni machapisho ndiyo yenye uzito, kwa hiyo wasilisho peke yake halikupandishi. Ila ndipo unapokutana na mwandishi mwenza, au msimamizi wako wa uzamivu, kwenye foleni ya chai. Dkt. Askwar Hilonga, wa taasisi hiyohiyo ya Tengeru, mwaka 2015 alitwaa Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza kwa chujio la maji linalounganisha mchanga na nanoteknolojia, yaani teknolojia ya chembe ndogo mno. Kazi ya maabara ilikuwepo. Ilibidi pia ieleweke kwa wasioishi maabara.

Kwa mazoezi, fuata masharti ya shindano lililoanzishwa na Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008: dakika tatu, slaidi moja. Msimulie jirani. Akikuuliza “kwa hiyo?”, rudi ukaifumue upya ile slaidi.