Mfuko unaosubiri siku 80: maswali na majibu kuhusu taka za mionzi

Mgonjwa wa rovu au wa saratani ya tezi ya shingoni aliyetibiwa kwa ayodini yenye mionzi hurudi nyumbani na karatasi ya masharti: lala peke yako, mwaga maji chooni mara mbili, tishu ulizotumia ziweke kando. Nyumba nyingine huogopa hata kupokea kikombe kutoka mkononi mwake. Nyingine huitupa karatasi ile, na tishu zikaenda na maganda ya ndizi. Maswali ya kwanza hapa ni ya ndugu wa wagonjwa hao. Ya mwisho ni ya wanunuzi wa vyuma chakavu, watu ambao kwa maoni yangu walistahili kuelezwa kabla ya wote.

Nilipigwa eksirei wiki iliyopita. Nguo nilizovaa nizitupe?

Vaa tu. Mashine ya eksirei ikizimwa, mionzi imekwisha, kama taa ya chumbani. Kupigwa na mionzi ni jambo moja, na kuchafuliwa na kitu kinachotoa mionzi ni jambo jingine. Ukiota moto jikoni unapata joto, na ukiondoka joto linabaki kule kule. Lakini ukimwaga manjano ya unga utayakuta kidoleni, kwenye kitasa cha mlango, kwenye kanga ya dada yako, na mtoto aliyekuwa nje muda wote naye atatokea na alama shavuni. Taka za mionzi zina tabia ya manjano, ila hizi huzioni.

Kwa nini takataka za mgonjwa wa tezi ziwe na mionzi?

Tezi ya shingoni hupenda madini joto, yale yanayotiwa kwenye chumvi. Madini joto ndiyo ayodini, na ayodini-131 ni aina yake inayotoa mionzi. Mgonjwa humeza kidonge au hunywa dawa ya maji, tezi inaivuta, na mionzi inaziua seli za tezi kutokea ndani. Ayodini ambayo tezi haikuichukua hutafuta njia ya kutoka. Nyingi hutoka kwa mkojo, hasa siku mbili za mwanzo, na kiasi kidogo kwa mate, jasho na haja kubwa. Ndiyo maana tishu, pedi, nepi ya mgonjwa asiyejiweza na hata kijiti cha meno huhesabiwa kuwa taka za mionzi kwa muda.

"Kwa muda" maana yake nini? Hizo siku 80 zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye hesabu ya kugawa kwa mbili. Ayodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8. Anza na 100: siku ya 8 imebaki 50, siku ya 16 imebaki 25, siku ya 24 ni 12 na nusu. Ukigawa hivyo mara kumi umefika siku ya 80, na kilichobaki hakifiki moja ya elfu ya ulichoanza nacho. Kwa hiyo mfuko uliofungwa tarehe 3 Machi huandikwa juu yake "I-131, 3 Machi", ukawekwa mahali pa kufungwa, ukaachwa hadi tarehe 22 Mei. Hospitalini huupima kwanza kwa kipima mionzi. Wakiona hausomi zaidi ya hewa ya kawaida ya chumba, unatoka kama taka nyingine.

Kwa Marekani, vituo vingi vya kupokea takataka vina vipima mionzi getini, na nepi moja ya mgonjwa aliyetoka hospitali juzi hutosha kuliza king'ora na kulirudisha lori zima.

Nyumbani tufanye nini hasa?

Fuateni karatasi mliyopewa, kwa sababu dozi hutofautiana sana kati ya mgonjwa wa rovu na wa saratani. Lakini mambo ya msingi ni haya. Mgonjwa akojoe amekaa, wanaume pia, maana matone yanayoruka ndiyo manjano yenyewe. Afunike choo, amwage maji mara mbili, anawe mikono kwa sabuni. Anywe maji ya kutosha, labda daktari awe amemkataza, na asiubane mkojo. Atumie taulo, sahani na kijiko chake. Nguo na mashuka yake yafuliwe peke yake, kisha yanatumika kama kawaida, hayachomwi wala hayatupwi.

Taka zenyewe mzipunguze kabla hazijazaliwa. Leso ya kitambaa hufuliwa, lakini tishu hukaa siku 80. Sahani ya kawaida huoshwa, lakini ya plastiki ya kutupa huongeza mfuko. Naona watu wakinunua sahani na vikombe vya kutupa kwa nia njema kabisa, halafu chumba kinajaa mifuko wasiyojua waipeleke wapi.

Mfuko uwekwe mbali na watoto na wajawazito, na si chini ya kitanda cha mtu. Mama anayenyonyesha huachishwa kabla ya tiba, na mtoto huyo harudishwi tena kwenye ziwa. Mimba nayo husubiri, kwa kawaida miezi 6. Mambo haya mawili yaulizwe kabla ya kumeza kidonge.

Choo chetu ni cha shimo. Je?

Mwambieni daktari au mwanafizikia tiba, yule mtaalamu wa mionzi wa hospitali, kabla ya tiba, msingoje awaulize. Ikiwezekana mgonjwa awe na tundu lake kwa siku zile za mwanzo, na maji yamwagwe baada ya kila haja. Shimo lenyewe hufanya kazi ile ile ya mfuko: linashikilia mpaka ayodini iishe. Gari la kunyonya majitaka lisubiri siku 80 zipite.

Si rahisi zaidi kuzichoma? Au kumwagia Jik?

Hapana kwa yote mawili. Moto huua vijidudu lakini hauigusi mionzi. Ukichoma unaitoa mfukoni na kuipeleka kwenye moshi na majivu, yaani kwa jirani. Jik ni baya zaidi, kwa kuwa linaweza kuigeuza ayodini kuwa mvuke, mkaivuta puani. Mkojo ukimwagika, vaa glavu, kausha kwa tishu, kisha futa kwa sabuni na maji ya baridi kutoka pembeni kuja katikati. Ukifuta kutoka katikati kwenda nje unapanua doa. Glavu na tishu ziingie kwenye mfuko ule ule.

Hospitali nazo hupunguzaje taka hizi?

Kwa kutochanganya, kuliko kwa kitu kingine chochote. Teknesiamu-99m, inayotumika kupiga picha za mifupa na figo, hupungua nusu kila saa 6. Pamba na glavu zilizotupwa Ijumaa saa 10 jioni, Jumatatu saa 2 asubuhi zimepitisha saa 64, yaani mionzi imepungua nusu zaidi ya mara kumi, na ziko tayari kupimwa. Sasa mtu mmoja mwenye haraka atupe pamba ya ayodini kwenye ndoo hiyo: ndoo nzima itakaa siku 80. Maboksi ya dawa hufunguliwa nje ya chumba, yasije yakachafuka bure. Meza hutandikwa karatasi ya kunyonya yenye plastiki chini, ili ukitokea mdondoko itupwe karatasi, si meza.

Mfuko ukishaisha mionzi, alama ya mionzi hubanduliwa kabla haujatoka. Alama ikiachwa kwenye taka salama, watu hujifunza kuipuuza siku ambayo ni ya kweli. Na sindano iliyoisha mionzi bado ni sindano yenye damu, inafuata njia ya taka hatarishi.

Na zile zisizoisha upesi?

Kobalti-60 ya mashine za kutibu saratani huchukua zaidi ya miaka 5 kupungua nusu, na sizi-137 (cesium, metali nyingine yenye mionzi) miaka 30. Hapo kusubiri chumbani hakusaidii. Chanzo, yaani kile kitu chenyewe kinachotoa mionzi, hurudishwa kwa aliyekiuza, au hupelekwa kwenye hifadhi ya taifa. Kwa Tanzania hifadhi hiyo iko Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki.

Mimi nanunua vyuma chakavu. Haya yananihusu nini?

Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili waliingia kwenye jengo la kliniki iliyohama na kung'oa kichwa cha mashine ya kutibu saratani. Waliuza chuma kwa mnunuzi wa skrepa. Ndani mlikuwa na unga wa sizi-137 usiofika gramu 100. Usiku ukang'aa rangi ya buluu, na mnunuzi akaona kitu cha thamani, akawagawia ndugu na marafiki. Zilipita kama wiki mbili kabla ya kugundulika. Watu 4 walikufa, zaidi ya 110,000 walipangwa foleni kupimwa, 249 wakakutwa wamechafuka. Nyumba zilibomolewa, udongo ukakwanguliwa, na taka zikafika mita za ujazo 3,500 hivi, kama tipa 350 za mita kumi kumi. Zote zilitoka kwenye gramu zile.

Chanzo cha mionzi nitakitambuaje, na nikikiona nifanye nini?

Chuma kidogo lakini kizito kupita kiasi, kwa sababu kimefungwa kwenye madini mazito ya risasi. Alama ya mapanga matatu yaliyozunguka kitone, nyeusi juu ya njano, au ile ya pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Usikikate, usikigonge, usikipakie garini. Sogea mbali, zuia watu, piga simu polisi na useme wazi kwamba unahisi ni chanzo cha mionzi, ili waite wataalamu wa atomiki. Kama ulishakishika, usile wala usivute sigara. Vua nguo za nje taratibu na uzifunge kwenye mfuko, kwani hapo peke yake unaweza kuondoa hadi asilimia 90 ya uchafu. Oga kwa maji ya vuguvugu na sabuni bila kujisugua kwa nguvu. Kisha nenda hospitali, na ukifika mlangoni waambie ulichoshika kabla hujakaa kwenye benchi.