Habari ya utoaji mimba isiishie kwa kamanda wa polisi

Nafundisha waandishi wa mikoani kuandika habari za afya, zaidi hapa Kigoma. Habari inayonisumbua kuliko zote ni ya utoaji mimba, maana karibu kila mara huingia gazetini kupitia polisi.

Inakuwa hivi. Kamanda wa polisi wa mkoa anawaita waandishi, anasoma matukio: bangi, nyavu haramu ziwani, silaha, kisha binti anayeshikiliwa kwa tuhuma za kutoa mimba. Mwandishi wetu analipwa kwa habari iliyotoka, hivyo anatuma aya zake tano Dar es Salaam na kukimbilia nyingine. Kichwa kinawekwa hukohuko: “Mbaroni kwa kutoa mimba”. Waliozungumza ni kamanda, mtendaji wa kata na jirani. Daktari hayumo, mwanasheria hayumo, na aliyempa binti ujauzito hatajwi hata kwa sentensi moja. Jina la binti limefichwa, sawa, lakini kimeandikwa kitongoji, shule na kidato. Kwa kijiji cha Uvinza, hapo umeshamtaja.

Mjadala ukihamia kwenye siasa, gazeti linamnukuu mbunge na kiongozi wa dini, basi. Msomaji anajua nani kamkemea nani, ila hajui sheria inasemaje.

Na sheria yenyewe si ndefu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150, inamhukumu anayemtoa mwanamke mimba kifungo cha hadi miaka 14. Kifungu cha 151 ni cha mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Cha 152 kinamgusa anayetoa dawa au kifaa akijua kazi yake, hadi miaka 3. Hivi vitatu magazeti huvigusa. Kinachosahaulika ni cha 230: anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, ili kuokoa maisha ya mama, hana kosa la jinai. Daktari anayeamua usiku wa manane anasimama juu ya kifungu hicho, nacho wananchi wengi hawajawahi kukisikia.

Kuna pia Itifaki ya Maputo ya Umoja wa Afrika, ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia 2007. Ibara ya 14 inazitaka nchi ziruhusu utoaji mimba wa kitabibu kwa aliyebakwa, aliyepewa mimba na ndugu wa damu, au ambaye mimba inahatarisha afya au maisha yake. Tumeiridhia, na vifungu vyetu vya adhabu vimebaki vilevile. Uwe unaunga mkono au unapinga, hapo pana habari kubwa ya siasa: wabunge wetu wanasemaje kuhusu pengo hilo? Sioni wakiulizwa. Lakini Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoifuta hukumu ya Roe dhidi ya Wade ya mwaka 1973, iliyolinda haki ya kutoa mimba nchini humo, pale Mwanga, hapa Kigoma mjini, nilikutana na watu wanaoieleza sheria ya jimbo la Texas vizuri kuliko Sura ya 16.

Ukimya huu una gharama yake. Utafiti wa hali ya mwaka 2013 ulikadiria kwamba wanawake wapatao 66,600 nchini walitibiwa madhara ya kutoa mimba, na karibu 100,000 wengine walipata madhara wasitibiwe. Mwanamke anayevuja damu, mimba iwe imetoka yenyewe au imetolewa, ana haki ya kutibiwa. Huduma hiyo ni halali na hutolewa katika vituo vya afya na hospitali. Akilowesha pedi mbili au zaidi kwa saa, kwa saa mbili mfululizo, au akiwa na homa na uchafu wenye harufu mbaya, aende leo hii, asisubiri kuche. Kama kila gazeti alilowahi kusoma lilisema “mbaroni”, atajifungia ndani, na damu na maambukizi vitammaliza.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wangu wakitoka kwa kamanda wampigie mganga mkuu wa wilaya kabla ya kutuma chochote, wamwulize swali moja: mwenye hali kama hii aende wapi, na atapokelewaje? Jibu hilo liwekwe aya ya pili. Mhariri akikosa nafasi huanza kukata chini.