Mpangaji anayechelewesha kodi: mambo ya kuandika kabla ya kufika barazani

Arusha na Moshi, kodi ya nyumba kwa kawaida hulipwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, sita au mwaka. Ndiyo maana ugomvi hauanzi katikati ya mkataba, huanza mkupuo ulipokwisha. Mpangaji hajahama, hajalipa awamu mpya, na kila akigongewa mlango jibu ni lile lile: "Mama, naomba univumilie hadi mwisho wa mwezi." Mwezi upi, hasemi.

Kabla ya kukasirika, angalia kipato chake kinaingiaje. Mwongoza watalii anayeishi Sakina au mpagazi wa mlimani anayeishi Pasua hupungukiwa kazi masika, hasa Aprili na Mei, halafu kuanzia Juni safari zinarudi. Mkataba unaomdai mtu huyo kodi ya miezi sita tarehe mosi Aprili umejitafutia deni wenyewe. Sogezeni tarehe: masika alipe ya mwezi mmoja mmoja, mkupuo mkubwa uje Julai. Mfanyakazi wa mshahara hana msimu. Akichelewa mara tatu mfululizo, kumwongezea muda ni kumwongezea deni.

Mkikubaliana alipe kidogo kidogo, andikeni. Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi na anadaiwa miezi miwili, yaani 160,000. Kuanzia Juni atalipa 120,000 kila mwezi: 80,000 kodi ya mwezi husika na 40,000 ya deni. Septemba deni limekwisha. Karatasi iwe na tarehe ya kila malipo, sahihi za wote wawili na shahidi mmoja, ambaye anaweza kuwa mjumbe au jirani mnayeheshimiana naye. "Atalipa akipata" si makubaliano.

Risiti ndipo wenye nyumba wengi wanapojiharibia. Mpangaji analeta 100,000 tarehe 20 Aprili, na kwenye daftari panaandikwa "kodi, 100,000". Miezi mitano baadaye yeye anadai ilikuwa ya Aprili na sehemu ya Mei, mwenye nyumba anadai ilikuwa ya deni la Februari, na hakuna wa kuwaamua. Andika hivi: "Nimepokea 100,000. Kati ya hizo 80,000 ni kodi ya Aprili, 20,000 ni sehemu ya kodi ya Mei. Baki ya Mei: 60,000." Malipo ya simu nayo yaandikiwe risiti, kwa sababu ujumbe wa muamala unaonyesha kiasi na tarehe, hauonyeshi ni kodi ya mwezi gani.

Maneno yakishindikana, toa notisi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu mwenye nyumba kuvunja upangaji kwa sababu ya kodi bila kumpa mpangaji notisi kwanza. Isiwe ndefu wala ya matusi. Taja chumba au nyumba, miezi inayodaiwa mmoja mmoja, jumla ya deni, tarehe ya mwisho ya kulipa, na kitakachofuata asipolipa. Mpe siku zisizopungua 30. Chapisha nakala mbili, moja aisaini kuwa ameipokea. Akikataa kusaini, mkabidhi mbele ya mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, naye aandike kwenye nakala yako kwamba ameshuhudia. Notisi ya mdomo inakanwa kirahisi mno.

Sasa yale ya kuacha. Usibadilishe kufuli, usiezue bati, usikate umeme, usitoe vyombo nje. Kochi la mpangaji huna mamlaka ya kuliuza kufidia kodi. Mwenye nyumba anayefanya hivyo hugeuka mdaiwa: mpangaji anadai fidia ya vitu vilivyopotea, na mara nyingi orodha yake ina televisheni ambayo hakuna jirani aliyewahi kuiona. Polisi nao hawakusanyi kodi. Deni la upangaji ni madai, si kosa la jinai.

Njia ni Baraza la Kata kwanza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo linasuluhisha tu, haliamui tena kesi za ardhi. Usuluhishi ukishindikana, omba cheti kinachosema hivyo. Siku 30 zikipita tangu ulipofungua shauri bila suluhu, unaweza kuendelea bila cheti. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lipo Arusha na lipo Moshi. Nenda na mkataba, risiti, nakala ya notisi iliyosainiwa na jedwali la deni mwezi kwa mwezi. Ukishinda, anayemtoa mpangaji asiyetaka kuondoka ni dalali aliyepewa amri na baraza, si vijana wa kijiweni.

Mkataba wenyewe unapaswa kulipiwa ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwa chumba cha 80,000 ni shilingi 9,600. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama ushahidi, na wengi hugundua hilo siku ya shauri.

Kwa wenye fremu za biashara kuna jambo jingine linalofanana na deni lakini si deni. Mpangaji mfanyabiashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango anayokulipa, iitwayo kodi ya zuio, na kuipeleka TRA. Fremu ya 300,000 ikilipiwa miezi sita ni 1,800,000. Mkononi utapata 1,620,000. Mdai cheti cha zuio cha zile 180,000, usimdai fedha. Asipokuwa na cheti, hapo ndipo pa kuuliza.

Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021 nayo huleta maneno, kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji lakini mwenye kudaiwa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Ipunguzeni kwenye kodi ya pango anayolipa mpangaji kila awamu. Na siku mpangaji anapokabidhi funguo, someni mita ya maji pamoja, andikeni namba iliyopo na bili ambayo haijalipwa, kisha wote wawili wasaini karatasi hiyo hiyo.